Changuu imezama tena: kutafuta kosa majina ya mashine za nyumbani yanapogoma

Mama alinipigia simu nikiwa Darajani, mfuko wa vitunguu mkononi.

"Mwanangu, ile Changuu yako imezama tena."

"Shikamoo mama. Uko juu au uko chini?"

"Marahaba. Niko juu, naanika. Kwani inahusu?"

Ilihusu sana, na nitafika huko.

Mashine za nyumbani kwetu Mkunazini, Mji Mkongwe wa Unguja, nimezipa majina ya visiwa vya jirani. Changuu ya kwetu si kile kisiwa cha makobe. Ni laptopu kuukuu, bawaba moja imevunjika, imelazwa juu ya kabati chini ya ngazi. Ndani yake mna Debian, mfumo wa jamii ya Linux, nayo ndiyo seva ya nyumba: kazi yake ni kuweka picha za harusi, darsa tulizorekodi na hati za nyumba. Printa inaitwa Bawe. Kamera ya mlangoni ni Chumbe, maana Chumbe ndiyo yenye mnara wa taa. Televisheni ya ukumbini ni Chapwani. Mtu yeyote wa nyumbani anatakiwa aandike `changuu.home.arpa` kwenye simu yake na picha zifunguke, bila kukariri anwani yake ya nambari, 192.168.10.2. Jina likigoma kisiwa kimezama, na mimi ndiye ninayepigiwa.

Nimeupanga mwongozo huu kwa dalili. Anayepiga simu hasemi sababu, anasema anachokiona.

Kazi mbili, mtu mmoja

Anayegawa anwani ni DHCP. Kifaa kikiingia kwenye mtandao kinapiga hodi kwa wote, naye anakijibu: anwani yako ni hii, mlango wa kutokea nje ni huu, na ukitaka kujua jina la yeyote muulize fulani. Huyo fulani ndiye DNS. Kwetu kazi zote mbili zinafanywa na programu moja iliyomo ndani ya Changuu, dnsmasq, iliyoandikwa na Simon Kelley wa Uingereza. Faida ya kuziweka pamoja ni kwamba aliyempa Bawe anwani ndiye atakayeulizwa Bawe yuko wapi. Ukiachia ruta, kile kiboksi kinacholeta intaneti nyumbani, igawe anwani na seva ijibu majina, seva haitajua nani kahamia wapi wala lini.

Ukitafuta nyumba Mji Mkongwe hutaji nambari, unataja mtu: kwa Bi fulani ni wapi? Utafika, au utazunguka vichochoroni mpaka magharibi, kutegemea umemuuliza nani. Hapa ni vivyo hivyo. Mara nyingi jina linapogoma seva haina kosa lolote, ila kifaa kimemuuliza mtu mwengine. Kwa hiyo swali langu la mwanzo huwa moja: nani aliyejibu?

Mipangilio ya kwetu, ikipunguzwa mapambo, ni hii. Iko kwenye `/etc/dnsmasq.conf`:

```
interface=enp2s0
bind-dynamic
domain-needed
bogus-priv
domain=home.arpa
local=/home.arpa/
expand-hosts
no-resolv
server=1.1.1.1
server=9.9.9.9
dhcp-authoritative
dhcp-range=192.168.10.50,192.168.10.150,12h
dhcp-option=option:router,192.168.10.1
dhcp-option=option:dns-server,192.168.10.2
dhcp-host=00:00:5e:00:53:20,bawe,192.168.10.20
```

Ruta ni 192.168.10.1 na DHCP yake imezimwa. Seva ni 192.168.10.2, anwani imeandikwa kwa mkono ndani ya seva yenyewe, haipewi na mtu. Mstari wa `local=` unasema kwamba majina yote ya `home.arpa` yanajibiwa hapa hapa na yasipelekwe nje. Na `home.arpa` sikuibuni mimi: imetengwa rasmi kwa matumizi ya majumbani tangu 2018, katika RFC 8375, waraka wa kanuni za intaneti.

Kabla hujagusa chochote

Amri tatu, kwa mpangilio huu, kutoka kwenye kifaa chenye malalamiko na si kwenye seva. Ukipima kutoka kwenye seva unapima ambacho hakijaharibika.

```
ping 192.168.10.2
nslookup bawe.home.arpa
nslookup bawe.home.arpa 192.168.10.2
```

Ya kwanza inatumia nambari tupu. Ikishindwa, acha habari ya majina: waya umechomoka, Wi-Fi imekatika, au seva imezimwa. Ya pili inamuuliza yule ambaye kifaa kimezoea kumuuliza. Ya tatu inamuuliza Changuu uso kwa uso. Tafauti kati ya majibu ya pili na ya tatu ndiyo itakayokuonyesha uende wapi.

Siku ile mama alipokuwa akianika, mdogo wangu alipanda juu na laptopu yake akanitumia picha ya jibu la pili:

```
Server:    192.168.1.1
Address:   192.168.1.1#53

** server can't find bawe.home.arpa: NXDOMAIN
```

Watu wengi hukimbilia mstari wa mwisho. Mimi nilisoma wa kwanza. 192.168.1.1 ni nani? Nyumbani kwetu hakuna mtu wa anwani hiyo.

Kuhusu neno la mwisho lenyewe: NXDOMAIN maana yake aliyeulizwa amejibu kwa yakini kwamba jina hilo halipo. REFUSED ni mtu aliyesikia akakataa kukujibu. SERVFAIL ni aliyejaribu kwenda kukuulizia akarudi mikono mitupu. Kimya mpaka muda unaisha ni kwamba hakuna aliyefungua mlango. Usiyachanganye, kila moja lina njia yake.

Changuu inajibu ikiulizwa moja kwa moja, lakini vifaa havilioni jina

Hii ndiyo dalili ninayokutana nayo kuliko zote, na sababu yake kubwa katika nyumba za Mji Mkongwe ni kuta.

Nyumba hizi zimejengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, ukuta unene wa mkono mzima na zaidi. Wi-Fi ya chini haifiki juu. Mtu anachoka, anakwenda dukani, ananunua ruta ya pili, anaivutia waya kutoka chini na kuichomeka kama ilivyotoka kwenye boksi. Mtandao unapatikana, kila mtu anafurahi. Lakini ruta ile imetoka kiwandani ikiwa na DHCP yake, DNS yake na safu yake ya anwani. Aliye juu sasa anaishi mtaa mwengine: anafika intaneti, anaweza hata kufika Changuu kwa nambari, ila akiuliza Bawe anamuuliza ruta mgeni, na mgeni hamjui Bawe. Ndiyo maana nilimuuliza mama yuko juu au yuko chini. Kaka alikuwa amenunua ruta wiki ile ile, hakumwambia mtu.

Kuna namna mbili za kosa hili. Waya ukichomekwa tundu la WAN, lile la kupokea intaneti, ruta ya juu inakuwa nyumba ndani ya nyumba, na vya juu vyote vinapata anwani za safu nyengine, kama 192.168.1.x. Hiyo angalau inaonekana wazi. Ukichomekwa tundu la LAN, mojawapo ya yale ya vifaa vya ndani, hali ni mbaya zaidi, kwa sababu wagawaji wawili wanakaa chumba kimoja. Kifaa kinapiga hodi, anayejibu mwanzo ndiye anayekipata, na hata aliye chini karibu na seva anaweza kuangukia mikononi mwa mgeni. Leo inafanya, kesho haifanyi, na kila mtu anaapa kwamba hakugusa kitu.

Kumjua mgeni: kwenye Windows andika `ipconfig /all` utizame mstari wa DHCP Server. Kwenye Linux:

```
sudo nmap --script broadcast-dhcp-discover
```

Inapiga hodi na kukuonyesha aliyeitikia. Irudie mara kadhaa, na ukiona mwitikiaji mwengine zaidi ya seva yako, ndiye huyo.

Dawa yake: ingia kwenye ruta ya pili, ipe anwani isiyogongana na mtu na iliyo nje ya safu inayogawiwa (ya kwetu ni 192.168.10.3), zima DHCP, kisha waya uingie tundu la LAN. Ruta nyingi zina kitufe cha kuchagua iwe kituo cha Wi-Fi tu, na kinafanya yote hayo kwa mara moja. Usianze kuzima DHCP kabla ya kubadilisha anwani, au utajikuta huwezi tena kuingia kwenye ruta hiyo na kulazimika kubonyeza kile kitundu cha nyuma kwa sindano. Nimeshabonyeza.

Mara linafika, mara halifiki, bila mpangilio

Ukishathibitisha hakuna mgawaji wa pili, tizama kifaa kimeambiwa waulizwaji wangapi. Dalili hii karibu siku zote inatokana na nia njema. Mtu ameandika 192.168.10.2 kuwa DNS ya kwanza, kisha akaongeza 8.8.8.8 kuwa ya pili, "ikizima hii tutumie ile."

Sivyo vifaa vinavyofikiri. Anwani ya pili si mlinzi wa akiba anayesubiri wa kwanza afe. Baadhi ya vifaa huuliza wote, vyengine hubakia na aliyejibu upesi, vyengine huhama seva ikichelewa kidogo tu na hukaa huko huko. Na 8.8.8.8 haisemi "sijui, muulize mwenzangu." Inasema NXDOMAIN, jina halipo, na kifaa kinaamini.

Kwa hiyo DNS moja tu, ya nyumbani. Ukiogopa seva kuzimika, weka seva ya pili ya nyumbani yenye majina yale yale. Kinyume cha hapo ni kuishi na bahati nasibu. Waulizwaji wa nje mahali pao ni ndani ya dnsmasq, kwenye mistari ya `server=`, ambako Changuu ndiye anayewauliza kwa niaba ya nyumba.

Kwa watu wote linafika, isipokuwa simu moja

Hapa sababu ni nyingi, na kila moja inaonekana kama mwenzake.

Anza na DNS ya faragha. Simu za Android tangu toleo la 9 zina mpangilio huo. Ukiwa umeandikwa jina la mtoa huduma fulani, simu inapeleka maswali yake yote kwake kwa njia iliyofichwa, bandari 853 (bandari ni nambari ya mlango wa huduma ndani ya mashine), na haimsikilizi DHCP hata kidogo. Ukiachwa kwenye hali ya kujiamulia hauna tatizo, simu itamuuliza Changuu kama kawaida. Shemeji yangu alikuwa amefuata video ya kuzuia matangazo na kusahau. Tulihangaika saa nzima na ruta kabla sijamuomba simu yake niitizame.

VPN (njia iliyofichwa inayopitisha mawasiliano ya simu kwa mtoa huduma wa nje) iliyosahauliwa ikiwa imewashwa ni kisa hicho hicho kwa nguo nyengine.

Kisha kuna vivinjari. Kivinjari kinaweza kuwa na DNS yake kikipita juu ya HTTPS, njia iliyofichwa ya kurasa za wavuti, hata kama mfumo wa simu hauna shida. Alama yake ni hii: `nslookup` inajibu sawa, ila kivinjari kinakataa. Kwa Firefox kuna njia ya kistaarabu. Kabla ya kujiwashia DNS hiyo yenyewe, huuliza jina `use-application-dns.net`, mtandao ukijibu kwamba halipo, inajua hapa pana mwenyewe na inaacha. Mstari mmoja wa `address=/use-application-dns.net/` kwenye dnsmasq unatosha. Lakini mtumiaji aliyeiwasha kwa mkono wake hatatii ishara hiyo, huyo utamuendea mwenyewe.

Halafu IPv6, mfumo mpya wa anwani unaokwenda sambamba na ule wa zamani, IPv4. Ruta inaweza kuwa imezimwa DHCP upande wa IPv4, huku upande wa IPv6 ikiendelea kutangaza kwa kila mtu, "mimi ndiye DNS." `nslookup` itakuonyesha mwulizwaji mwenye anwani inayoanza na `fe80:`. Ukiona hivyo, zima tangazo hilo ndani ya ruta. Kama nyumbani hamtumii IPv6 kwa lolote, zima IPv6 ya upande wa ndani yote upumzike.

Mwisho ni MAC ya bandia; MAC ni nambari ya kadi ya mtandao inayotoka nayo kiwandani. Tangu Android 10 na iOS 14, simu haitoi nambari yake ya kweli kwenye Wi-Fi, inajitungia. Ukiwa umeipa simu jina na anwani kwa `dhcp-host=`, kisha simu ikaja na MAC nyengine, dnsmasq haiitambui. Fungua orodha ya wapangaji, yaani vifaa vilivyopewa anwani:

```
$ cat /var/lib/misc/dnsmasq.leases
1751360400 00:00:5e:00:53:20 192.168.10.20 bawe *
1751361122 9a:3f:10:c4:77:0e 192.168.10.73 * *
```

Mstari wa pili ni wa simu ya mama. Tizama herufi ya pili ya MAC: ni `a`. Ikiwa ya pili ni 2, 6, a au e, MAC hiyo haikutoka kiwandani, na kwenye simu maana yake ni kwamba imejitungia. Nyota iliyofuata anwani inasema kwamba simu haikujitambulisha kwa jina lolote. Android 8 iliacha kabisa kutuma jina, na simu nyingi hadi leo hazitumi au hutuma la ajabu ajabu. Ukitaka simu iwe na jina, nenda kwenye mipangilio ya Wi-Fi ya nyumbani, chagua itumie MAC ya kifaa, kisha ipe jina wewe kwa `dhcp-host=`. Jina liwe la herufi, tarakimu na kistari. "Simu ya Mama" yenye nafasi katikati haipiti, `simu-mama` inapita.

Jina linapatikana, lakini ukurasa haufunguki

Nilipoteza usiku mzima kwa hili mara ya kwanza, kwa hiyo nalieleza kwa utulivu. Bawe ilifunguka, Chumbe ilifunguka, Changuu yenyewe haikufunguka. Nikauliza:

```
$ nslookup changuu.home.arpa
Server:    192.168.10.2
Address:   192.168.10.2#53

Name:      changuu.home.arpa
Address:   127.0.1.1
```

Aliyejibu ndiye. Jibu ndilo baya. Anwani zote zinazoanza na 127 maana yake ni "mimi mwenyewe." Simu ya mama ilimuuliza Changuu yuko wapi, ikaambiwa "yuko kwako," ikajitafuta yenyewe mifukoni na isikute kitu.

Kosa liko kwenye `/etc/hosts` ya seva. Debian na jamaa zake huandika humo mstari wa `127.0.1.1` pamoja na jina la mashine wakati wa kusakinisha. Ndani ya mashine yenyewe mstari huo hauna ubaya. Lakini dnsmasq inasoma faili hilo na kumgawia kila anayeuliza. Futa mstari huo, andika badala yake:

```
192.168.10.2   changuu
```

Kwa kuwa kuna `expand-hosts`, dnsmasq itaongeza `home.arpa` yenyewe. Au acha faili ilivyo na uweke `no-hosts`, kisha majina uyaandike kwa `host-record=`. Mimi napenda njia ya kwanza, faili la hosts hata mgeni analielewa.

Jamaa wa kosa hili ni jina lililobaki kwenye `/etc/hosts` baada ya kifaa kuhama. Kwenye kumbukumbu utakuta dnsmasq inalalamika kwa Kiingereza kinachoanza `not giving name bawe to the DHCP lease of` kikiendelea kutaja kwamba jina hilo lipo tayari kwenye `/etc/hosts` na anwani nyengine. Hapo yenye kushinda ni hosts, ndiyo maana Bawe inaendelea kuonyesha ilikohama zamani. Kisome kwa:

```
journalctl -u dnsmasq -e
```

Hata ukiiuliza moja kwa moja, Changuu haijibu

Sasa kweli seva ina kosa. `systemctl status dnsmasq` kwanza. Ikiwa imekufa, sababu huwa mojawapo ya hizi.

Umekosea kuandika: `dnsmasq --test` itakutajia mstari.

Bandari 53 imeshikwa na mwengine, na kumbukumbu zinasema `Address already in use`. Tizama ni nani kwa `sudo ss -lunp | grep ':53'`. Kwenye Ubuntu atakuwa systemd-resolved, mjibu majina wa mfumo wenyewe, ambaye hukaa 127.0.0.53. Ule mstari wa `bind-dynamic` unaifanya dnsmasq ikae kwenye anwani zake tu na kumuacha jirani na kibanda chake. Ukipenda kumuondoa, weka `DNSStubListener=no` kwenye `/etc/systemd/resolved.conf`, lakini hakikisha baada ya hapo `/etc/resolv.conf` inaelekea kwa mtu aliye hai, vinginevyo seva yenyewe itabaki kiziwi.

Ikiwa iko hai na haijibu, ni ukuta wa moto (firewall), unaofunga bandari. Kwa ufw, programu ya ukuta huo, ni `ufw allow 53` na `ufw allow 67/udp`. Watu hukumbuka 53 na kusahau 67, ambayo ndiyo ya DHCP.

Ikiwa iko hai, inajibu, ila haijui jina uliloliongeza sasa hivi, uliipigia `reload` tu. dnsmasq ikiguswa hivyo husoma upya `/etc/hosts` na kumwaga kache, yaani majibu iliyoyakumbuka, lakini `dnsmasq.conf` haiirudii mpaka uiwashe upya kwa `restart`. Ukilijua hili utajiokolea matusi mengi.

Majina yote yanafika, intaneti hakuna

Fupi: umesahau `option:router`. Usipoitaja, dnsmasq inajitangaza yenyewe kuwa mlango wa kutokea, na laptopu ya chini ya ngazi haina pa kutokea.

"changuu" tupu haliendi, jina refu linaenda

Kivinjari kikiona neno moja kinadhani unatafuta kitu, kinakupeleka kwenye mtafutaji, na mtafutaji anakuletea boti za kwenda kuona makobe. Weka mkwaju mwishoni: `changuu/`. Kompyuta nyingi zitaongeza `home.arpa` zenyewe kwa kuwa DHCP imezitajia kupitia mstari wa `domain=`. Kwa wazee wa nyumbani nimewahifadhia jina refu kama alama kwenye skrini ya simu, hakuna anayeandika kitu.

Na kama umechagua majina ya `.local`, badilisha leo. Mwisho huo umetengwa tangu 2013 kwa mfumo mwengine, mDNS, ambao vifaa huulizana vyenyewe kwa vyenyewe bila seva. iPhone na Mac hulipeleka jina la `.local` huko, na Linux nyingi zina mstari wa `mdns4_minimal [NOTFOUND=return]` kwenye `/etc/nsswitch.conf` unaolizuia kufika kwa dnsmasq. `nslookup` itakwambia mambo mazuri, `ping` itakataa, na utadhani umerogwa.

Ilikuwa nzima mpaka umeme ulipokatika

Unguja ilikaa bila umeme wa gridi tangu Disemba 2009 mpaka Machi 2010, kwa hiyo sisi umeme ukikatika saa mbili hatuuhesabu. Lakini saa mbili zinatosha kuvuruga mpangilio wa nani anaamka kabla ya nani.

Ruta huamka kwa dakika moja au mbili, seva huchelewa. Vifaa vikipiga hodi kabla ya dnsmasq kuamka havipati mtu, na vyengine hujipa anwani ya 169.254.x.x. Ukiona nambari hiyo, kifaa kilikosa mgawaji. Zima Wi-Fi yake uwashe. Hii ndiyo sababu napendelea laptopu kuukuu kuliko kile kiboksi kidogo cha Raspberry Pi: betri yake, hata ikiwa ya nusu saa, inaivusha mikatiko mifupi.

Mara nyengine dnsmasq huamka kabla ya kadi ya mtandao haijawa tayari, ikasema `unknown interface enp2s0` na kufa. `bind-dynamic` tena ndiyo dawa, maana inavumilia kadi inayochelewa. Ukiwa unatumia kadi ya USB, hakikisha jina lake halikubadilika ulipoichomeka tundu jengine.

Kuna mtego wa saa pia. Raspberry Pi za kabla ya toleo la 5 hazina saa yake ya ndani, na laptopu ya zamani betri yake ya saa imeshakufa. Ukiwa umewasha DNSSEC, ukaguzi wa saini za majibu ya DNS, mashine inaamka ikidhani ni mwaka mwengine, saini zote zinaonekana batili, majina ya nje yote yanarudi SERVFAIL, pamoja na jina la seva ya saa ambayo ingeirekebisha. Imejifungia ndani na ufunguo nje. Andika seva ya saa kwa nambari ya IP badala ya jina, au weka `dnssec-no-timecheck` mpaka saa ikae sawa.

Na tizama ruta haikujirejesha kama ilivyotoka kiwandani. Ya kwetu ilifanya hivyo mara moja baada ya umeme kurudi kwa kishindo, DHCP yake ikafufuka, na sote tukahamia mtaa wa pili bila kuhama.

Umeshatengeneza, lakini kifaa bado kinasema hakuna

Kifaa kinakumbuka jibu la zamani, hata jibu la "halipo." Windows: `ipconfig /flushdns`. Linux yenye systemd-resolved: `resolvectl flush-caches`. Chrome ina kache yake pembeni, ingia `chrome://net-internals/#dns` uifute.

Na kama ulichobadilisha ni maelekezo ya DHCP, kama vile DNS ni nani, kifaa hakitayajua mpaka kirudi kuomba tena. Kwa kawaida kinarudi nusu ya muda ikipita, yaani kwa mkataba wa saa 12 unaweza kusubiri mpaka saa 6. Siku unayofanya mabadiliko makubwa, teremsha muda kwenye `dhcp-range` uwe `10m` kuanzia jana yake. Ukiwa umesahau, pita chumba kwa chumba uzime Wi-Fi na kuiwasha. Televisheni yetu haina kitufe cha hivyo. Chapwani huchomolewa kwenye soketi, tukahesabu kumi, ikarudishwa.